Miche Sitini na Miwili

Ukiwa kwenye matatu ya Malindi, ukishapita Mtwapa, kuna pahali karibu na Vipingo ambapo mkonge unaanza na unakataa kuisha. Mistari kwa mistari, majani kama mapanga, na hapa na pale mlingoti mrefu umechomoza katikati ya mmea kama nguzo ya stima iliyopotea njia. Abiria wengi hutazama kidogo kisha wanarudi kwa simu zao. Kwa macho, mashamba ya aina hiyo ni mimea mamilioni. Lakini ukichukua mkonge wa kawaida, ule uliotangulia kupandwa Afrika Mashariki, mwanabiolojia atakuambia kwamba hao wote ni kama kiumbe kimoja kilichojirudia bila kuoana na yeyote kwa zaidi ya miaka 130. Na kiumbe hicho kilifika huku kikiwa karibu kimekufa.

Stori inaanzia Mexico, na inaanza na kamba. Kwenye rasi ya Yucatán, Wamaya walikuwa wakitoa nyuzi kwenye mimea ya jamii ya agave karne nyingi kabla ya Mhispania kukanyaga pale. Nyuzi zilipoanza kuuzwa ng'ambo zilipakiwa melini kwenye bandari ndogo inayoitwa Sisal, na wanunuzi wakazipa jina la bandari. Mwishoni mwa karne ya 19 biashara hiyo ililipuka kwa sababu ya ngano. Wakulima wa Marekani walikuwa wamepata mashine inayovuna na kufunga miganda yenyewe, na mashine hiyo ilimeza kamba kama moto unavyomeza nyasi kavu. Mabwana wa Yucatán wakatajirika, kwa jasho la Wamaya waliofungwa na madeni yasiyolipika. Basi, mtu akishapata mgodi haalikwi kugawana. Kutoa miche nje ya nchi kukapigwa marufuku.

Lakini mmea unaozaa bila mbegu ni mgumu kuufungia ndani, na huu ulikuwa umeshatoroka zamani. Katika miaka ya 1830 balozi mdogo wa Marekani kule Campeche, daktari aliyeitwa Henry Perrine, alipeleka mimea ya agave kusini mwa Florida akiwa na ndoto ya mashamba makubwa ya mazao ya joto. Mwaka 1840, wakati wa vita na Waseminole, Perrine aliuawa kwenye kisiwa cha Indian Key. Ndoto ilikufa naye. Mmea haukufa. Uliendelea kuota Florida bila mtu wa kuupalilia, ukijitolea watoto wenyewe, miaka hamsini, mpaka mtu mwingine alipouhitaji.

Mtu huyo alikuwa Mjerumani, Dkt Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Wajerumani walikuwa na pwani ya Tanga mikononi na hawakuwa na uhakika waipande nini. Hindorf akasoma kuhusu mmea wa nyuzi katika jarida la bustani ya Kew, London, akaona tabia ya nchi inafanana. Mlango wa Mexico ulikuwa umefungwa, kwa hivyo akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikasafirishwa hadi Hamburg. Iliyofika hapo ikiwa hai ilikuwa 200. Ikapakiwa tena, ikazungushwa hadi upande wetu, na ilipofika Tanga mwaka 1893 iliyobaki ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Kuna toleo tamu zaidi ambalo watembeza watalii wanalipenda: ati miche iliibwa Mexico ikafichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Mimi sina haja na mamba. Hiyo 62 inanitosha.

Fikiria vizuri hiyo namba. Ungepewa ng'ombe 62 uanze nao biashara ya nyama ya nchi nzima, ungelia. Sasa huyu jamaa aliletewa miche 62 iliyochoka na safari, na haikuchukua hata miaka kumi kabla ya mkonge kuwa zao la kweli la koloni. Iliwezekanaje?

Hapa lazima nirudi darasani kidogo. Mimea ina njia mbili za kupata watoto. Vitabu vinaziita uzazi wa kijinsia na uzazi usio wa kijinsia, na kila darasa nililowahi kukaa lilicheka lilipofika hapo, lakini wewe ziite njia ya ua na njia ya chipukizi. Kwa njia ya ua, chavua inatoka kwenye ua moja na kubebwa na nyuki, upepo, ndege au popo hadi ua lingine, inakutana na yai, mbegu inafunga. Mbegu hiyo ni mtu mpya kabisa. Nusu yake ni ya baba, nusu ni ya mama, na mchanganyiko wake haujawahi kutokea duniani. Ndiyo maana ukihifadhi mbegu za mahindi chotara kutoka kwa mavuno yako na kuzirudisha shambani, msimu unaofuata unapata mahindi ya kila sura na mengine ya aibu.

Kwa njia ya chipukizi hakuna baba. Kipande cha mwili wa mmea kinaota na kuwa mmea mzima. Shosho wako anaijua hii bila darasa: hajawahi kupanda mbegu ya muhogo, anakata shina. Viazi vitamu anapanda marando. Ndizi anang'oa chipukizi pembeni ya mgomba. Anachopanda ni mama yuleyule tena, na kama mama alikuwa mtamu, mtoto atakuwa mtamu vilevile. Kama mama alikuwa na udhaifu wa ugonjwa fulani, huo nao umerithiwa bila punguzo.

Mkonge una viungo vya njia zote mbili, lakini moja haifanyi kazi. Mmea unaishi miaka saba, kumi, wakati mwingine zaidi, ukitoa majani kama 200 au 250. Kisha siku moja, kwenye moyo wake, unatoka mlingoti. Unakwenda juu haraka kiasi cha kutisha, mita tano, sita, halafu unatoa matawi na maua ya kijani-manjano. Nyuki wanafurahi. Lakini maua yanaanguka karibu yote bila kufunga mbegu, na pale yalipokuwa yameshikilia, vinatokea vichipukizi vidogo vyenye majani yake na hata dalili za mizizi. Mlingoti mmoja unaweza kubeba zaidi ya 1,000. Vikiiva vinadondoka chini, na mama anakauka na kufa. Amechanua mara moja tu maishani, na maua yenyewe yalikuwa ya bure.

Sababu ya ubatili huo iko ndani kabisa ya chembe. Ili kutengeneza chavua au yai, mmea lazima ugawanye kromosomu zake nusu kwa nusu, na kabla ya kugawanya, seti zinajipanga wawili wawili. Mimi na wewe tuna seti mbili, moja ya baba na moja ya mama, hakuna fujo. Mkonge una seti tano. Waambie watu watano wacheze densi wawili wawili uone. Kuna mmoja atabaki akizunguka bila mwenzake, na kwenye chembe huyo mmoja anavuruga kila kitu. Mbegu zinazofanikiwa kufunga ni chache mno.

Kwa mwenye shamba kubwa, kasoro hiyo ilikuwa zawadi. Hakutaka mshangao. Alitaka majani ya urefu mmoja, yanayokatwa wakati mmoja, yanayopita kwenye mashine moja. (Mashine hiyo ya kusaga majani na kuacha nyuzi, kule Tanga iliitwa korona, miaka mingi kabla ya neno hilo kutufungia nyumbani.) Nyuzi zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hivyo biashara ilisimama kwa wingi: ekari nyingi, majani mengi, mikono mingi. Na miche ilikuwa ya bure. Piga hesabu mwenyewe: mimea 62, kila mmoja ukitoa 1,000 mlingoti unapotoka, bila kuhesabu machipukizi yanayoota ardhini. Duru moja tu na una shamba. Duru ya pili na una nchi.

Ikawa hivyo. Mkonge ulifuata reli kutoka Tanga kupanda Muheza na Korogwe, ukashuka Morogoro, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukavuka mpaka kuingia Kenya. Punda Milia, upande wa Makuyu, likawa moja ya mashamba ya mwanzo, na baadaye mkonge ukaenea Thika, Kibwezi, Mwatate na pwani. Pahali pengi ulipopandwa palikuwa na watu kabla yake, na stori ya ardhi hiyo bado haijaisha.

Mikono sasa. Hapa ndipo ninaposita kila nikisikia mkonge ukiitwa dhahabu ya kijani, kwa sababu jina hilo halisemi lilitoka mdomoni mwa nani. Wenyeji wa Tanga, wenye mashamba yao, hawakuwa na hamu ya kukata majani yenye miiba ya ncha kwa ujira ule. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Waha wa Kigoma, Wabena, Wamakonde waliovuka Ruvuma, Warundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na watu wakabebwa kwa malori na mabehewa siku nyingi hadi Tanga. Kila mmoja alipewa namba, na kutoka kwa neno hilo wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30. Mkenya akisikia kipande anafikiria kile chuma ambacho babu zetu walivishwa shingoni, na hadi saa hizi kitambulisho tunakiita kipande, lakini hiki cha Tanga kilikuwa cha kazi: ukimaliza kiwango cha leo, siku inawekwa alama, usipomaliza, siku hiyo haipo.

Naona kuna mantiki moja pale. Shamba la nakala lilitaka pia wafanyakazi wawe nakala. Mmea wowote uwe sawa na mwingine, mtu yeyote aweze kuchukua nafasi ya mwingine, na namba itoshe badala ya jina. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika na Wajapani wakachukua Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, Waingereza wakapoteza vyanzo vingine vya kamba. Basi watu wa Tanganyika na wa Kenya wakalazimishwa kwa sheria kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Kamba za meli za vita zilitoka huku, kwa miche ya Florida na migongo ya Kigoma.

Katikati ya haya yote kulikuwa na watu waliokaa na swali tofauti. Kule Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, Wajerumani walikuwa wameanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na Waingereza wakakirithi. Watafiti wa pale walijua kitu ambacho wenye mashamba hawakupenda kukisikia. Kama mkonge wako wote ni mwili mmoja, huwezi kuuboresha kwa kuchagua ulio bora, kwa sababu hakuna ulio bora. Tofauti unayoiona kati ya huu na ule ni mbolea, maji, au bahati ya kivuli. Utachagua mmea mzuri kuliko yote, utaupanda, na utapata mkonge uleule. Miaka mia ya kunakili haileti mmea mpya hata mmoja. Ukitaka mpya lazima urudi kwenye ua.

Na ua la mkonge, kama tulivyoona, limefungwa. Kwa hivyo katika miaka ya 1930 mtafiti wa Amani, L. R. Doughty, akawageukia ndugu zake. Kulikuwa na agave mbili zenye maua yanayofanya kazi. Moja ilipewa jina la kituo chenyewe, Agave amaniensis, yenye majani marefu mazuri. Nyingine, Agave angustifolia, ilikuwa na majani mafupi lakini mengi ajabu. Kuziozesha si mchezo. Maua yako juu, hufiki bila ngazi. Zinachanua zinapotaka, na mmoja anaweza kuchanua wakati mwenzake bado ana miaka mitatu mbele. Chavua inabidi ikusanywe, ihifadhiwe, kisha ipakwe kwa mkono kwenye ua la pili. Kazi ambayo Mexico inafanywa na popo usiku mmoja, hapa ilikuwa kazi ya watu na daftari. Halafu unapanda mbegu na kusubiri miaka mingine mingi uone mtoto ana majani ya nani, na ukimtaka azae tena kwa njia ya ua, usubiri mpaka naye achanue, mara yake moja, kisha afe.

Mtoto wa hao wawili aliozeshwa tena kwa Agave amaniensis, na miche mingi ikapandwa, ikapimwa, ikatupwa. Kazi ikaendelea Mlingano, karibu na Muheza, ambako kituo maalumu cha mkonge kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1934. Mche mmoja katika wote ukashinda. Ulitoa majani kama 600 maishani, zaidi ya mara mbili ya mkonge wa zamani. Hawakuupa jina. Unajulikana mpaka leo kwa namba yake kwenye daftari: 11648.

Ile 11648 haina damu hata tone ya wale 62 wa Kikogwe. Ni ndugu wa pembeni, aliyepatikana kwa sababu wa kwanza hawakuweza kuoana. Na kitu cha kwanza walichofanya baada ya kuupata? Waliunakili. Vichipukizi vikakusanywa, vikapelekwa vitaluni, mistari ikapandwa upya. Miaka yote ile ya chavua na ngazi ilikuwa kwa ajili ya kupata mwili mpya wa kurudia bila mwisho.

Siwalaumu. Ukishapata mmoja katika maelfu, kuurudisha kwenye njia ya ua ni kuutupa kwenye kamari upya. Lakini bei ilifika haraka. Mkonge 11648 una udhaifu mmoja ambao ule wa zamani hauna kwa kiwango hicho: ugonjwa wa milia, unaoletwa na kijidudu cha Phytophthora, unaoozesha majani kwa mistari ya rangi kama ya pundamilia na kuingia hadi kwenye moyo wa mmea. China, iliyochukua 11648 miaka ya 1960 na kuufanya mkonge wake mkuu, ilipata hasara kubwa kwa ugonjwa huo muongo uliofuata. Kwenye shamba la mbegu, ugonjwa ukiingia kuna wachache wataubishia. Kwenye shamba la nakala, ukishapata ufunguo wa mlango mmoja umepata wa nyumba zote.

Soko, kwa upande wake, halikungoja ugonjwa. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha karibu tani 230,000, na hakuna nchi iliyoifikia. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mwaka 1967 Azimio la Arusha likataifisha sehemu kubwa ya mashamba, na mwishoni mwa karne uzalishaji ulikuwa chini ya sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Brazil ikashika nafasi ya kwanza. Tanzania na Kenya bado ziko kwenye orodha ya wakubwa, na wateja wa sasa ni pamoja na mafundi wa dari wanaochanganya katani na plasta, na kina mama wanaosuka viondo ambavyo vikifika Yaya au Westlands vinapanda bei mara kadhaa.

Kambi za manamba zilijengwa kwa ajili ya wanaume waliokuja peke yao na waliotarajiwa kuondoka peke yao mkataba ukiisha. Wengi hawakuondoka. Nauli iliisha, au nyumbani kulisahau sura yao, au waliona msichana. Leo Muheza na Korogwe si ajabu kukutana na mtu ambaye babu yake alikuwa Mha, bibi yake Mbondei, mama yake Mmakonde, na yeye anaongea Kiswahili cha Tanga na kushangilia Coastal Union. Ng'ambo ya barabara yao mkonge bado uko kwenye mistari. Mlingoti ukishatoka na kukomaa, vibarua wanaokota vichipukizi chini yake na kuvipeleka kitaluni.